Kanisa la Mkunazini: Takhmisa Juu ya Soko

Aghalabu mtu anapoahidi uhakiki katika kurasa kama hizi, wasomaji hutarajia diwani, utenzi au riwaya. Leo naomba ruhusa yao nihakiki kazi iliyotungwa kwa mawe na chokaa. Nakusudia Kanisa la Kristo lililoko Mkunazini, mjini Unguja, kanisa kuu la Waanglikana wa Zanzibar, ambalo wenyeji wengi hulitaja kwa jina la mtaa wake tu. Kazi hii imekwisha kusifiwa sana na kulaumiwa kiasi. Wanaoisifu huisifu kwa ajili ya dini au utalii. Wanaoilaumu huilaumu kwa ajili ya ukoloni. Ni wachache waliolichukua jengo lenyewe kama tunavyolichukua shairi, wakauliza limeundwaje, linasema nini, linanyamazia nini, na iwapo umbo lake linaafikiana na maudhui yake.

Maswali haya yana uzito kupita ladha ya majengo. Kanisa hili limesimama pahala walipouzwa watu. Wageni na wanafunzi huingizwa humo waelezwe habari za watu hao, na wengi wao hawatazisikia tena pahala pengine. Tupende tusipende, jengo hili limekuwa msimulizi mkuu wa utumwa katika kisiwa chetu. Msimulizi wa jambo zito kama hilo anastahili kuhakikiwa kwa makini, na kwa adabu.

Mtunzi na zama zake

Tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza, iliyowakilishwa na balozi wake John Kirk. Mkataba huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kuamuru masoko yote ya watumwa yafungwe. Soko la Mkunazini likafungwa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, wakakipata kiwanja hicho. Sehemu moja ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara tajiri wa Kihindu. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa.

Misheni hiyo ilitokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza lilikuwa katika bonde la mto Shire, na huko askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, akafariki mwaka 1862. Mwaka 1864 ikahamia Unguja chini ya Askofu Tozer. Pamoja naye alikuja kasisi Edward Steere, aliyepata kusomea sheria kabla ya kuingia katika kazi ya kanisa, na ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Steere ndiye aliyelibeba kanisa hili mabegani mwake: alishiriki katika kulibuni na akawasimamia waashi yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, jina la Steere si geni. Mwaka 1870, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa Mkunazini, alikwisha kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiunguja na mkusanyiko wa hadithi alizozisikiliza hapa hapa mjini. Tafsiri ya Biblia aliyoianzisha na wenzake iliendelezwa hata baada ya kifo chake, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Aliyejenga kanisa alikuwa kwanza mtu wa lugha, na ni sahihi kulitazama jengo lake kwa jicho la lugha.

Katika kitabu chake cha hadithi Steere alichapisha pia takhmisa ya shairi la Liongo, ambayo wengi huihesabu kuwa kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Msomaji anaijua bahari hii. Mtunzi wa takhmisa huchukua shairi la mwenziwe, aghalabu la kale, na kila ubeti wa mishororo miwili akautangulizia mitatu yake, ili yote ipate kuwa mitano. Mishororo mipya sharti ifuate kina ilichokikuta. Mkhammisi hawezi kuufuta ubeti wa awali, kwa kuwa ndio unaomfungia maneno yake. Takhmisa njema huifanya sauti ya kwanza isikike zaidi kuliko ilivyosikika peke yake. Takhmisa mbovu huifunika, hata msikilizaji akasahau kuwa chini yake palikuwa na shairi.

Rai yangu ni kwamba kanisa la Mkunazini ni takhmisa juu ya soko. Steere alikikuta kiwanja kimekwisha kusema neno lake, akatanguliza mishororo yake. Tunalopaswa kupima ni iwapo ubeti wa awali bado unasikika.

Mawe, chokaa na paa

Kwa upande wa ufundi, takhmisa hii imefuata kina cha nchi. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vile vile vilivyojenga nyumba, misikiti na makaburi ya pwani kwa karne nyingi. Madirisha yana vichwa vilivyochongoka kwa mtindo wa makanisa ya Ulaya ya kale, lakini unene wa kuta, weupe wake na namna zinavyolizuia jua ni mambo ambayo Mswahili huyatambua mara moja. Mtu akitoka katika vichochoro vya Mji Mkongwe akaingia humu hahisi kwamba ameingia katika jiwe la nchi nyingine.

Paa ndilo lililomletea Steere sifa kuu. Nyumba zetu za mawe hufunikwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu. Steere alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Akaamua kuufunika kwa tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililomiminwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walidhani lingeanguka miti ya kulishikilia itakapoondolewa. Halikuanguka, na bado limesimama.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini imezidishwa inaposimuliwa kana kwamba pwani haikupata kuona tao la matumbawe kabla ya askofu. Atakayefika Kilwa Kisiwani ataukuta Msikiti Mkuu, na katika upanuzi wake wa karne ya 14 ataona kuba na matao ya pipa yakipokezana juu ya kichwa chake, yote kwa matumbawe na chokaa. Waashi wa Kilwa waliufahamu ufundi huo zaidi ya miaka 500 kabla ya Krismasi ile ya Mkunazini. Upya wa Steere ulikuwa katika saruji ya Ulaya na katika upana wa tao. Wazo la kuifunika nyumba ya ibada kwa jiwe la bahari lililokunjwa lilikuwa na wenyewe humu humu pwani. Tukilijua hilo tutaliona paa hili kuwa mshororo uliofuata kina kilichokuwapo, na wala hapungukiwi kitu aliyeliwaza.

Kwa ndani, jicho hupelekwa moja kwa moja kwenye kibla ya jengo, yaani kwenye duara la mashariki ilipo madhabahu. Hapa pana jambo la madhehebu ambalo mhakiki hawezi kulipita. Kanisa hili huhesabiwa katika fungu la Waprotestanti, lakini watu wa UMCA walikuwa wa mkondo wa Waanglikana walioipenda ibada ya kale, yenye ubani, mavazi na sakramenti. Mprotestanti aliyezoea kanisa ambamo mimbari na neno linalohubiriwa ndivyo kiini ataona kwamba hapa kila mstari unaishia madhabahuni. Mpango huo haukuwa wa bahati tu. Inasimuliwa kwamba madhabahu imewekwa pale pale ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa wakapigwa mijeledi, na alama yake ni duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu sakafuni. Jengo zima, basi, limeelekezwa kwenye maumivu ya watu wale. Kwa nia, hili ndilo wazo kubwa kuliko yote katika kazi hii.

Nguzo zilizosimama kichwa chini

Karibu na kisima cha ubatizo pana nguzo chache ambazo wageni huonyeshwa wakacheka. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini zilipowekwa, na waashi, kwa kutojua, wakazisimamisha kichwa chini, miguu juu. Aliporudi akaona kosa, akaamuru ziachwe kama zilivyo.

Nimekisikia kisa hiki mara nyingi, na kila mara kimesimuliwa kwa namna ile ile: mwenye elimu ni mmoja, na wajinga ni wengi wasio na majina. Ningependa tukitazame upya. Nguzo ya Ulaya ina kichwa na ina mguu, kama mtu. Nguzo ya pwani haikuwa hivyo. Tazama zile za pembe nane za Kilwa, au nguzo nzito za misikiti yetu ya mawe: zimenyooka tangu sakafu hadi boriti, na kazi yake ni kubeba. Mwashi aliyezoea kazi hiyo, akipewa jiwe lenye urembo huku na urembo kule, atauliza upande upi una tako pana la kukalia. Akiona kwamba upande mpana ni ule ambao Mzungu anauita kichwa, atauweka chini, na kwa sheria za uzito hatakuwa amekosea sana. Nguzo zile zimebeba mzigo wake hadi leo.

Nguzo hizo ndiyo sahihi pekee ya waashi ambayo mgeni huonyeshwa katika jengo lote. Pahala pengine kote mikono yao imetii, ikafunikwa na jina la aliyewaamuru. Pale ambapo hawakuelewana na ramani, ndipo tunapowaona. Mhakiki wa fasihi analijua jambo hili: pahala ambapo tafsiri inakwaruza ndipo lugha iliyotafsiriwa inapojitokeza. Steere, aliyeishi kwa kutafsiri, yamkini alilifahamu hilo alipoziacha nguzo zisimame. Sisi tunaozisimulia leo hatuna budi kuacha kucheka.

Majina yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Sasa nakuja kwenye udhaifu mkubwa wa kazi hii, nao haumo katika mawe.

Mgeni akiingia, vitu vinavyomvuta ni hivi. Kuna kaburi la Askofu Steere nyuma ya madhabahu. Kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka Livingstone. Kuna kumbukumbu ya mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuyazuia majahazi ya watumwa. Kuna msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Na kuna duara la marumaru. Hesabu majina. Waliokomboa wanayo. Waliouzwa wana duara.

Sisemi kwamba waliotajwa hawakustahili. Baadhi yao waliutoa uhai wao. Nasema kwamba katika takhmisa hii mishororo ya mkhammisi imetiwa wino, na ule ubeti wa awali umeachwa kama nafasi tupu katikati ya ukurasa. Na si kweli kwamba majina hayakuwapo. Yako katika vitabu vya misheni yenyewe.

Uchukue ule msalaba. Livingstone alifariki Chitambo tarehe 1 Mei 1873, mwezi mmoja na siku chache kabla ya mkataba wa Barghash. Waliouzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikuwa Waafrika waliofuatana naye. Mmoja aliitwa Chuma, Myao, aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka katika msafara wa watumwa, akalelewa na misheni hii hii. Wa pili ni Susi, mtu wa mto Zambezi. Aliyechonga maandishi kwenye shina la mti ule alikuwa Jacob Wainwright, naye mtumwa aliyekombolewa, aliyesomeshwa Nasik nchini India. Mti ule, kwa hiyo, haukuwa kumbukumbu mpaka mikono ya hao ilipoufanya kuwa kumbukumbu. Ukiondoa kazi yao, msalaba wa Mkunazini ni kipande cha mti.

Na hao hawakuishia mbali na hapa. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule aliofariki Steere. Susi alibatizwa hapa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki Unguja mwaka 1891. Askofu na mbeba maiti walikufa katika mji mmoja na mwaka mmoja. Wa kwanza mgeni huonyeshwa kaburi lake, wa pili ni nadra hata kutajwa jina. Kisa cha msalaba kinaposimuliwa, husimuliwa kuwa kisa cha Livingstone tu. Ningependa kumsikia mwongozaji mmoja akisema: huu ni msalaba wa Chuma na Susi pia.

Majina mengine yapo. John Swedi alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza waliokabidhiwa misheni na Sultani mwaka 1864, baada ya kutolewa katika jahazi la watumwa. Mwaka 1879 akawekewa mikono kuwa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao mwingine aliyeuzwa utotoni, alisomeshwa Kiungani na baadaye Canterbury; mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kuifikia daraja hiyo. Hawa waliipitia njia yote tangu kuuzwa hadi kusimama mbele ya waumini wakihubiri. Kama kanisa lilijengwa ili kusema kwamba mtu aliyeuzwa ni mtu, ushahidi wake bora ulikuwa hawa, nao ulikuwa ukitembea ndani yake.

Tarehe zisizolingana

Vitabu vya wageni hupenda kusema kwamba kanisa hili lilijengwa kuadhimisha mwisho wa utumwa. Kauli hiyo inahitaji kusahihishwa. Kilichokoma mwaka 1873 ni biashara ya baharini na masoko ya wazi. Kumiliki watu kuliendelea kuwa halali. Amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa katika sheria ya Zanzibar ilitolewa mwezi Aprili 1897, zama za Sultani Hamoud bin Mohammed, nayo ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuudai uhuru wake, huku bwana wake akilipwa fidia. Masuria hawakuingizwa, wao walingoja hadi mwaka 1909.

Maana yake ni kwamba kuta za kanisa zilipandishwa, paa likamiminwa na kengele zikalia katika mji uliokuwa bado na watumwa. Vibarua wengi wa mji wa siku hizo walikuwa watumwa waliokodishwa, wakagawana ujira wao na mabwana zao. Mwanamke aliyefanywa suria mwaka jiwe la msingi lilipowekwa angeweza kuisikia kengele ya Mkunazini kwa muda wa kizazi kizima kabla sheria haijamtambua.

Sisemi haya ili kuidunisha nia ya wajenzi. Nasema kwamba furaha ya jengo ilitangulia jambo lenyewe, na asiyejua hili hulisoma vibaya. Kanisa hili ni dua ya mwisho wa utumwa, si tangazo la kwamba umekwisha. Likisomwa kama dua, lina ukweli. Likisomwa kama tangazo, linawaonea waliobaki minyororoni miaka 24 baadaye.

Kuna tarehe za aina nyingine pia, za ujirani. Saa ya mnara, kwa mapokeo ya mji, ilitolewa na Sayyid Barghash mwenyewe, kwa sharti kwamba mnara usilipite kimo jumba lake la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Iwe sharti hilo lilikuwa hivyo au limerembwa na wasimulizi, picha inayobaki ni ya mji: ardhi kutoka kwa Mhindu, saa kutoka kwa Sultani Mwislamu, askofu Mwingereza, na waashi wa pwani. Si picha ya mapenzi matupu, maana mapatano yale yalifanywa chini ya kivuli cha manowari. Hata hivyo ni picha ya majirani waliojua kwamba watatazamana kila siku.

Nje ya kanisa

Mhakiki wa haki hana budi kutoka nje, kwa kuwa huko ndiko waliokuja baadaye walikojaribu kuujazia ubeti. Mwaka 1998 uliwekwa uani mnara wa kumbukumbu wa watumwa, kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, chini ya usawa wa ardhi, wamefungwa shingoni kwa minyororo ya kweli. Anayewatazama hulazimika kuinama. Hawana majina, lakini wana nyuso, na kila uso una masikitiko yake. Kwa maoni yangu, kazi hii ndogo inatimiza lile ambalo duara la marumaru lilishindwa kulitimiza.

Jirani na hapo pana jengo la Mtakatifu Monika, na chini yake vyumba viwili vifupi, vya giza, ambamo wageni kwa miaka mingi wameambiwa kwamba watumwa walilundikwa wakingoja kuuzwa. Wageni hulia humo. Lakini wanahistoria wameeleza kwamba jengo hilo ni la misheni, lililojengwa kwa kazi ya hospitali baada ya soko kufungwa. Jambo hili huwaudhi wengi, na huonekana kana kwamba anayelisema anautetea utumwa. Ni kinyume. Watu waliuzwa hapa. Hilo halina shaka hata chembe. Jambo la kweli halihitaji ghala la dawa lipewe jina la jela. Siku mgeni atakapogundua kwamba alililia chumba kisicho chenyewe, atalitilia shaka hata soko, na hapo tutakuwa tumewauza waliouzwa mara ya pili.

Katika miaka ya 2010 kanisa lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund pamoja na dayosisi, na maonyesho ya historia ya utumwa yakafunguliwa katika jengo hilo hilo la Mtakatifu Monika. Humo mtu husoma kwa urefu juu ya biashara yenyewe, njia zake na watu wake. Hiyo ni hatua njema. Na ukarabati wenyewe ulikuwa wa lazima, kwa maana matumbawe na chokaa hudai kutunzwa bila kukoma. Mvua ikipata ufa haina subira. Tarehe 25 Disemba 2020, siku ile ile ya mwaka lilipowekwa jiwe la msingi la Mkunazini, Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake wa saa. Jirani aliyekuwa akipimwa naye kimo ameanguka. Kanisa limebaki, na wajibu wa kusimulia umebaki nalo.

Hukumu

Kama kazi ya mikono, kanisa la Mkunazini ni miongoni mwa majengo bora ya karne ya 19 katika pwani yetu, na ubora wake umetokana na kukubali kuongea kwa matumbawe. Kama takhmisa, limefaulu nusu. Limekifuata kina cha nchi, limeuelekeza ukumbi wote pahala pa maumivu, kisha likafika pale na kulitaja jina la mkhammisi.

Nusu iliyobaki haihitaji jiwe jingine. Inahitaji ulimi. Jengo halibadiliki, bali usimulizi wake hubadilika kila siku, na uko mikononi mwa waongozaji, walimu, makasisi, na sisi tunaoandika. Nguzo ziitwe sahihi ya waashi. Msalaba utajwe pamoja na Chuma, Susi na Wainwright. Ghala liitwe ghala. Mwaka 1873 usitajwe bila ya 1897 na 1909. Majaliwa na Swedi watajwe kabla ya mgeni hajaonyeshwa kaburi la askofu.

Mara ya mwisho nilipoingia humo, mtoto wa shule alimuuliza mwalimu wake, akiwa amesimama ukingoni mwa duara jeupe: huyu aliyefungwa hapa alikuwa akiitwa nani? Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wanafunzi waendelee mbele. Swali la mtoto yule ndilo uhakiki mfupi na wa haki kuliko wote niliousikia juu ya jengo lile, na bado linangoja kujibiwa.